Pete Yenye Nane Iliyolala

Jumatatu, 1 Julai
Pete arobaini kabla ya adhuhuri. Kata waya wa shaba, kunja, lehemu, chovya rangi ya dhahabu. Mwisho mimi nagonga namba 18 kwa ndani, alama ya karati, kama za sonara. Chuma cha kugongea kimelika, nane inatoka imelala. Bosi anasema nani atachungulia ndani ya pete. Vidole vinawasha kwa dawa.

Ijumaa, 5 Julai
Mshenga kaleta mahari ya mwanangu Zuhura. Mchumba anachimba dhahabu Namungo. Zuhura alitaka kitu kimoja tu: pete ya dhahabu. Nikaishika, nikachungulia ndani.
Nane imelala.
Wanawake wenzangu walipiga vigelegele. Nami nikapiga. Najichukia.

Jumapili, 7 Julai
Kijana kashinda shimoni mwaka mzima, kauza dhahabu yake, kanunua shaba yangu. Mshenga anasema kijana aliinunua Ruangwa mjini, na muuzaji alimwonyesha ile namba. Kazi ya mkono wangu. Sisi wa karakana tulijua zinauzwa kama dhahabu? Tulijua. Nikinyamaza, rangi itabanduka na Zuhura atamwita mumewe tapeli.

Jumatano, 10 Julai
Mkwe na mama mkwe hawatazamani, nitamwambiaje? Nimemwita mshenga, Mzee Chilumba, nikamweleza yote. "Mama Zuhura, ndoa unaivunja mwenyewe kwa mdomo wako." Kaondoka bila kugusa chai.
Jioni nikamwambia Zuhura. Hakulia. Afadhali angelia.

Alhamisi, 11 Julai
Zuhura ananiwekea chakula, anatoka. Hata salamu hakuna. Nimepita karakana, nikachukua kile chuma, nikakitupa chooni. Bosi kapiga simu mara nne. Apige tu.

Jumapili, 14 Julai
Mkwe kaja, mshenga keshamweleza. Kakaa uani, mimi ndani, ukuta katikati. Nilisubiri matusi, nilistahili. Akauliza kwa sauti ndogo kama naweza kutengeneza pete isiyo na namba. Nikasema naweza. Kisha nikasikia wanaongea na Zuhura, muda mrefu, sikuyashika maneno.

Ijumaa, 19 Julai
Ndoa imefungwa baada ya swala. Zuhura kataja mahari yake mwenyewe kwa shehe: pete ya shaba. Niliikunja jana. Sikuichovya, sikuigonga.
Hajanisemesha bado. Wakati wa kuondoka alinishika bega kwa mkono wenye pete, akakaa hivyo kidogo, kisha akapanda bodaboda na mumewe.
Nyumba imefagiliwa. Kaifagia yeye asubuhi, kabla sijaamka.