Paa la Shemeji

Dada yangu mpenzi,

Mimi mzima, isipokuwa goti na akili.

Tangu nibatizwe uzeeni nimekuwa nikimwomba Mungu aliezue paa la yule mumeo wa zamani aliyekufukuza na watoto. Juzi upepo ukaliezua lote! Nikacheka hadi nikakohoa. Kufumba na kufumbua, niko juu ya nyumba yake, nyundo mkononi, misumari mdomoni. Dada, nani kanipandisha?

Yeye chini kashika ngazi, analia: "Shemeji, mama watoto hajambo?"

Nikamjibu kwa upole. Mimi huyu! Mchungaji alisema nitakua katika Kristo. Hakusema nitaanzia kwa huyu.

Usinikasirikie. Yamebaki mabati mawili, na kesho napanda tena.

Kaka yako asiyejielewa