Uso Ndani ya Mkate wa Udongo

Jumatatu, 3 Machi

Mama mkwe amekubali! Si kutupatia chumba — bado — ila kuja kuona. Jumapili ya tarehe kumi na sita, baada ya chakula cha mchana.

Chumba chenyewe ni kile cha mbele nyumbani kwake, alichoshonea nguo tangu mume wangu hajazaliwa mpaka macho yake yalipochoka. Kina dirisha linalotazama mtaani, na meza ya kukatia vitambaa ambayo mtu mzima anaweza kulala juu yake akajinyoosha. Meza ile! Mimi nafanyia kazi kwenye meza ya chakula. Mume wangu anakula sahani ikiwa magotini, na jana kulikuwa na punje ya udongo wa bluu kwenye wali wake. Akaila. Anasema alidhani ni kiungo.

Tatizo ni kwamba yupo fundi simu anayekitaka chumba hicho hicho. Mume wangu alipompigia mama yake kumwombea mkewe, akajibiwa kwamba hawezi kumwachia mtu meza yake kabla hajauona mkono wake. Halafu akaongeza — kwani si ule udongo wa kuchezea watoto?

Udongo wa watoto! Haya. Hereni zangu za maua na majani nitazipanga, lakini katikati ya meza nitaweka mkate wa udongo wenye uso wa mtu ndani. Sijawahi kuutengeneza. Natetemeka kwa hamu.

Jumanne, 4 Machi

Macho. Siku nzima macho tu, na nimechoka hoi. Kamba nyeusi ya udongo iwe mboni, nikaizungushia kahawia, nikaweka nyeupe pande mbili, nikafunika na kope. Katikati ya jicho la kulia nyeupe ikaniishia! Nikatoka mbio na ndala mpaka dukani, ile yangu hawana, nikachukua ya kampuni nyingine. Laini mno, inanata vidoleni. Lakini nyeupe ni nyeupe, bwana.

Wifi amepita kuchungulia. Mdogo wa mume wangu huyu hawezi kupita bila kuchungulia. Kauliza uso uko wapi. Nikamweleza kwa mara ya mia: huchori juu, unaupanga ndani. Kila rangi ni kamba ndefu, unazilaza pamoja mpaka zinakuwa mkate mmoja, na picha inatembea ndani kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Ukikata slesi popote, picha ni ile ile. Akaugeuza huku na huku. Akasema, wifi yangu, nakupenda, ila mimi hapa naona kiazi.

Jumatano, 5 Machi

Pua. Midomo. Mashavu mawili yenye kivuli. Mapengo yote nimeyajaza kahawia isiyo na hewa ndani — maana hewa ikibaki, shavu linabonyea. Sasa umekamilika, mnene kama paja la mtoto, na ni mzito kweli. Ndani kuna msichana mpole anayetabasamu kidogo. Nimempa hata kishimo shavuni.

Jumapili ile mama mkwe atashika kifua, aseme, kumbe!

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimeubana. Hapa ndipo roho inapokuwa mkononi. Unaanzia kiunoni, unaminya, unageuza, unaminya, unavuta pole pole, na mkate unarefuka huku unakonda, na uso wa ndani nao unapungua kutoka sahani hadi sarafu. Kama kila kitu kimekwenda sawa. Na huoni! Unamminya mtu usoni na humwoni!

Nilihisi mahali pamoja pakikimbia chini ya kidole. Upande wa kulia. Nikajiambia nimejidanganya.

Sasa uko kwenye friji, unapumzika. Ukiukata ukiwa na joto la mikono, wembe unapaka rangi zote, uso unakuwa uji. Nimefungua friji kuutazama mpaka mume wangu ameuliza kama nimemficha keki.

Ijumaa, 7 Machi

NIMEKATA!

Slesi za mwanzo hovyo, ncha huwa hivyo, kama mtu anayepiga chafya. Nikasogeza wembe. Slesi nyingine. Uso! Macho mawili, pua, mdomo, vyote mahali pake! Nikapiga kelele peke yangu.

Halafu nikatazama vizuri.

Msichana wangu mpole hayupo. Ile nyeupe laini imekimbia, ikausukuma unyusi wa kulia juu kabisa, karibu na nywele. Mdomo umevutwa chini upande mmoja. Kishimo kimekuwa kunjo. Amekuwa mwanamke wa makamo, ananitazama mimi, na hajaridhika hata kidogo. Machozi yalinilenga, sitaficha.

Mume wangu akaingia kutoka kazini. Akachukua slesi moja kwenye ncha ya kidole, akaipeleka dirishani. Nikajua anatafuta maneno ya kunipoza. Kumbe! Akaketi chini sakafuni na viatu vyake, akaanza kucheka, akacheka mpaka sauti ikakatika. Alipoweza kusema, akasema: "Mke wangu, mbona umemtengeneza mama?"

Mungu wangu wee.

Ni yeye! Ni yeye mtupu! Ndilo jicho alilolitazamia pindo la gauni langu siku ya harusi, kutoka upande wa pili wa ukumbi. Na nikalipima baadaye — kweli lilikuwa limeshuka upande mmoja. Mwanamke yule haoni kibaya ambacho hakipo.

Nikakata nyingine. Mama. Nyingine. Mama. Trei nzima imejaa mama mkwe.

Jumatatu, 10 Machi

Nimezichoma zile slesi. Sikuweza kuzitupa, kazi ya wiki nzima jamani. Oveni taratibu, msasa, vanishi kidogo, kulabu. Zikageuka hereni. Na nisiseme uongo hapa ambapo hakuna anayesoma: ni hereni nzuri kuliko zote nilizowahi kutengeneza. Zinatazama! Ukipita nazo mtu anageuka.

Nia yangu ilikuwa kuziweka kwenye kopo na kufunga kifuniko. Wifi akatokea. Alipoziona alijishika mbavu, akalia, akamwita mama yake jina lake lote. Halafu akabeba kopo zima mpaka saluni. Nikamwambia rudisha. Akasema, nakwenda kusukwa tu, hereni zinanisindikiza.

Jumatano, 12 Machi

Sijui nianzie wapi. Msusi amepiga simu mara tatu!

Zimekwisha. ZOTE. Wateja wenyewe wamezibatiza: Mama Hajaridhika. Mmoja alivaa akiwa bado amekalia kiti, nywele nusu, akaagiza nyingine za dada zake. Mwingine amesema tangu avae, mumewe anaosha kikombe chake mwenyewe. Msusi anauliza kama naweza kutengeneza kidani, na pete, na cha kubandika kwenye friji.

Miaka yote hii natengeneza maua. Watu huyashika, husema "mazuri", huyarudisha. Leo kwa mara ya kwanza watu wanagombania kitu kilichotoka mikononi mwangu! Nimecheza na mashine ya tambi sebuleni, ile ninayokandia udongo, nimeikumbatia nikazunguka nayo mpaka mpini ukanichoma ubavu.

Halafu nikakaa. Aibu ikanipanda. Huo ni uso wa mtu. Mtu mzima, mama wa mume wangu, ananing'inia masikioni mwa wageni mtaa mzima na hajaulizwa. Akijua atasema nimemfanyia mzaha. Na kwa nini asiseme? Sisi sote tumecheka.

Tumekubaliana sote watatu: Jumapili mezani ni maua na majani tu. Uso hautajwi. Mume wangu ameapa. Wifi naye ameapa, akicheka, kwa hiyo sina uhakika. Kipande cha mkate kilichobaki, kama kidole gumba, nimekifunga plastiki na kukisukuma nyuma ya friji. Siwezi kukitengeneza tena hata nikitaka. Nilijaribu jana unyusi peke yake — ukatoka mnyoofu, mpole, haufai.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeunguza maua.

Nimeunguza maua! Yote! Nimeyapanga kwenye trei, hereni, vidani, mikufu miwili, kazi safi kabisa, nikayaingiza. Msusi akapiga. Kuna mteja pale alikuwa anamwigiza Mama Hajaridhika mbele ya kioo, msusi akaweka spika nisikilize. Nilicheka mpaka nikaegemea ukuta. Halafu harufu. Petali nyeupe zimekuwa rangi ya chai, za waridi zimekuwa ini. Nyumba inanuka gari bovu.

Nikasema sawa, nikate mengine. Mkate wa maua umekwisha. Wa majani umekwisha. Nimetafuta kila kopo. Kilichobaki humu ndani chenye thamani ni jozi moja ya nyuso iliyokuwa kwenye mkoba wa wifi, amenirudishia leo kulabu imelegea, na kile kidole gumba kwenye friji.

Mume wangu anasema tumwambie mama aahirishe. Lakini fundi simu hasubiri, ameshapima mpaka mahali pa kuweka kaunta. Nimefikiria kutengeneza ua jipya kesho asubuhi, lipumzike, likatwe, lichomwe, lipoe. Linawezekana nikiamka mapema na nisipokee simu. Nitaizima. Nitaiweka ndani ya kabati la viatu.

Nalitaka dirisha lile. Naitaka ile meza. Na zaidi — hili sijamwambia hata mume wangu — nataka mwanamke yule anitazame mara moja tu na unyusi wake ukae chini.

Jumamosi, 15 Machi

Yuko hapa!

Leo! Jumamosi! Naandika jikoni, nimesimama, daftari juu ya friji. Chai ndiyo kisingizio changu. Wacha niandike la sivyo nitapasuka.

Nilikuwa katikati ya ua, mikono myekundu mpaka kwenye kiwiko, mlango ukagongwa. Nikasema ingia, nikidhani ni wifi. "Hodi ya watu wazima hiyo, mwanangu." Mama mkwe! Shikamoo mama, marahaba, simu yako haipatikani, mume wako yuko wapi. Kwenye duka la mikate, mama. Akasema fundi simu anataka jibu leo leo, ndiyo maana ameona asingoje kesho. Akavaa miwani. "Haya. Nionyeshe mkono."

Nilianza kumweleza habari ya maua. Oveni, trei, simu. Nikasikia ninavyojikanyaga. Na jozi ile ilikuwa pale pale mezani, kando ya koleo, nilikuwa nimetoka kuikaza kulabu. Nikaweka kitambaa juu yake. Aliyekagua mapindo maisha yake yote, mimi namfichia kitu kwa kitambaa!

Akakiinua.

Hakutazama uso. Naapa. Aligeuza kwanza hereni nyuma, kama anavyogeuza gauni kutazama upande wa ndani. Akapitisha ukucha kwenye ukingo. Akavuta kulabu. Akasema, "Nyuma ni safi." Sasa ilibaki mbele.

Akageuza.

Unyusi wa kulia ukapanda, ule ule, na pale mkononi mwake unyusi mwingine ulikuwa umeshapanda ukimsubiri. Nikatamani sakafu inimeze.

"Huyu ana hasira?"

Sijui jibu lilitoka wapi. Nikasema, hapana mama. Anakagua kazi.

Hakucheka. Hakukasirika. Aliendelea kutazama. Kisha: "Na umeuchora kwa kalamu ya nini, mbona mistari myembamba hivi?" Nikamwambia haukuchorwa. Nikakimbilia friji, nikaleta kidole gumba, nikakata slesi moja mbele yake. Uso ukatoka. Nikakata nyingine. Akasema pole pole, karibu kwa kunong'ona: "Kumbe imeshonwa kwa ndani."

Imeshonwa! Kasema imeshonwa!

Nikamwambia yote. Nyeupe laini, unyusi uliokimbia, kwamba sikukusudia, kwamba nilitaka msichana mpole, kwamba nyuso hizo zimeuzwa saluni, nyingi, ziko masikioni mwa watu, wanamwita Mama Hajaridhika. Nikamwomba radhi kwa magoti. Akasema niinuke nitachafua magoti. Akasema nikaweke chai.

Kwa hiyo niko hapa. Nimeuacha mlango wazi kidogo.

Amesimama mbele ya kioo cha sebuleni. Anavua hereni yake ya dhahabu, ile asiyoivua hata akienda kuoga, mume wangu husema alizaliwa nayo. Ameiweka kwenye kisosi changu cha vanishi. Amevaa ile ya udongo. Sasa sikio moja dhahabu, sikio moja yeye mwenyewe. Anageuza kichwa huku. Anageuza kule. Anajitazama kwa jicho lile, na anatazamwa kwa jicho lile.

Maji yanachemka. Siyatoi.

Simu yake imeanza kuita mezani, inatetemeka kati ya makombo ya udongo. Kutoka hapa naona jina: Fundi Simu. Yeye pia amelisoma, miwani anayo. Ameitazama simu, unyusi juu.

Bado inaita. Haipokei; anavua hereni ya pili ya dhahabu.