Kiswahili cha Gwaride

Mjukuu wangu Biira,

Nakusalimu huko Moroto kwenye kazi mpya. Sisi hapa Bwera tuko wazima. Kahawa imeiva, na shangazi yako amejifungua mtoto wa kike mwenye sauti kubwa kama yako.

Umeniuliza utaishije na watu ambao lugha yao huijui. Mimi nilikulia mlangoni pa ukumbi wa dansi pale Kasese, mama akichoma nyama, magitaa ya Wakongo yakilia ndani. Jumamosi moja askari mrefu kutoka Kitgum alisimama mbele yangu. Hakujua Lhukonzo, wala mimi Kiacholi. Kiswahili chake chote kilikuwa cha gwaride.

"Wewe! Simama!" akafoka, huku mikono inamtetemeka. "Mbele, tembea!"

Watu walicheka mpaka bia zikamwagika. Lakini mimi nilikuwa nimeiona ile mikono. Nikasimama, tukacheza.

Maneno matamu alijifunza baadaye, na hata sasa si mengi. Jana nilipomsomea barua yako, babu yako alijinyoosha kitini kama siku ile.

"Muandikie," akasema. "Mbele, tembea."

Ni mimi bibi yako, ninayekuwekea kahawa.