Mpira Unaokatika Mapema

Slănic, 11 Januari 2009

Mwanangu Smaranda,

Za Torino na baridi yake? Huku tu wazima, yaani mimi na paka.

Shida yangu ni mpira unaozungusha panga la ndege zangu. Mashindano ya ndege ndogo za mfano kwenye mgodi wa chumvi ni baada ya Pasaka, na kila uzi ninaousokota unakatika kabla haujashiba mizunguko. Juzi tulishuka na lifti hadi ukumbi wa chumvi, kule kusikofika upepo, uzi ukakatika mikononi mwangu na kurarua bawa nililolijenga vuli nzima. Mshindani wangu Sandu akaniuliza mbele za watu, "Mzee Ilarie, uliochoka ni mpira au mwenyewe?" Nikamwambia akanyooshe kwanza mkia wa ndege yake.

Nimempa dereva wa basi la Jumapili la kuja huko soseji zako, nyuzi tatu za mpira na ile mashine ndogo ya kusokotea. Funga ncha moja kwenye kitasa, paka mafuta, uvute uwe mrefu, kisha usokote huku ukisogea taratibu kuelekea mlangoni mpaka ukatike. Niambie umestahimili kiasi gani. Kama ni mbovu sishindani tena, ndege zangu nampa Sandu.

Baba yako

Torino, 1 Februari 2009

Shikamoo Baba,

Mimi mzima, ila zamu zimenibana. Soseji zimefika na zimekwisha, hata wenzangu wa kazini katika nyumba ya kutunzia wazee wamezisifu. Mpira bado sijaupima.

Lakini tangu lini unaniandikia kwa mashine ya chapa? Nilizoea mwandiko wako.

Mwanao, Smaranda

Slănic, 15 Februari 2009

Mwanangu,

Salamu nyingi. Nimeandika kwa mashine ili usome bila taabu. Sikukuuliza habari za mwandiko, nimekuuliza habari za mpira.

Baba

Torino, 8 Machi 2009

Shikamoo Baba,

Natumaini umelala vizuri na unakula. Leo ni mapumziko, nimepima.

Nilifunga kwenye kitasa cha jikoni. Uzi wa kwanza niliusokota nimegeuza uso pembeni kwa woga. Mafundo yakapanda juu ya mafundo, mpira ukawa mgumu, nami nikaendelea kusubiri ukatike. Haukukatika. Wa pili vilevile. Wa tatu niliusokota kwa makusudi mpaka ukakatika, na ulivumilia kuliko hata mipira ile uliyonifundishia nikiwa shule.

Baba, mpira ni mzima.

Kila siku nawalisha supu wazee ambao mikono yao haitulii. Mkono ukitetemeka, mpira unavutwa kwa mishtuko na lazima ukatike. Sikugombezi, wala sikuambii uache. Nataka tu kujua umeanza lini na kama umemwona daktari. Nimeomba likizo ya Pasaka. Mimi nitasokota, wewe utarusha.

Nakupenda sana.

Mwanao, Smaranda

Slănic, 5 Aprili 2009

Smaranda mwanangu,

U hali gani? Usidhani nimekasirika. Barua yako niliisoma nikafurahi na kulia kwa pamoja, ndiyo maana nimechelewa kujibu.

Nilijua mpira ni mzima. Nimejua tangu kabla ya Krismasi. Marehemu mama yako angeliona siku ya kwanza nilipomwaga chai, lakini wewe uko mbali, na kila nikishika simu nazungumzia hali ya hewa. Nikaona nikutumie mpira ugundue mwenyewe, maana tangu utotoni hukubali jambo mpaka ulipime kwa mkono wako. Daktari nimemwona. Amenipa dawa, na amesema mikono haitarudi kama zamani.

Kwa hiyo mpango wako una kosa moja. Kurusha kunataka mkono uliotulia kuliko hata kusokota. Utasokota wewe na utarusha wewe, na jina nimekwisha andikisha lako. Sandu amenuna, anasema wewe ulikuwa hatari tangu mdogo. Mimi nitakaa pale chini nikiitazama ndege ikizunguka juu mpaka itue.

Njoo na sweta, mgodini bado kuna baridi.

Baba yako