Sura ya Clarisse kwenye theluji

Ixelles, Jumanne, mwezi wa pili 1998

Picha hata moja haikutoka. Nimezitandaza zote mezani, nimewasha taa mbili, bado. Gauni linaonekana, maua yanaonekana. Pale sura ya Clarisse inapopaswa kuwa, ni kivuli tu.

Na sura za wakwe zake Wabelgiji? Zinaonekana zote, mpaka miwani ya babamkwe. Mungu wangu.

Kosa ni langu. Arusi ilikuwa kule juu, Ardennes, kwa wazazi wa bwana yake, na Clarisse alitaka picha zote zipigwe nje ili mama yake aone theluji. Maman yuko Bukavu, viza walimnyima. Weupe ule ulidanganya kamera, ikapunguza mwanga. Nilipaswa kuuongeza kwa mkono, mpiga picha yeyote wa huku anajua. Mimi vidole vilikufa ganzi, nikaiachia mashine.

Miaka kumi na miwili nilipiga arusi katika milima ya kwetu, sikupoteza sura ya bibi arusi hata mmoja. Halafu huyu, mtoto niliyempiga picha ya ubatizo mikononi mwa mama yake...

Leo mchana akapiga simu.

"Tonton, foto zimetoka? Tante yangu anasafiri Bukavu kesho, ndiye atamupelekea maman."

"Zimetoka."

"Na mimi, nimetoka muzuri?"

Nilikuwa nimeshika moja mkononi. Nikaisogeza karibu na dirisha.

"Muzuri sana," nikamwambia. Tena nikacheka.