Nilimbeba Mpishi Mgongoni Hadi Chumba cha Kioo

Mpendwa mshauri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama mimi ndiye mkubwa basi pokea salamu zangu tu, mradi unisikilize mpaka mwisho, maana wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi nimeficha jambo siku kumi na moja sasa na kifua kimejaa hadi chakula hakishuki.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, shule yangu iliishia darasa la saba, ila Mungu wangu namjua na yeye ananijua. Kazi yangu ni kufuta vioo na kuosha vichujio vya hewa kwenye kituo cha kampuni kinachoizunguka dunia huku juu kabisa, huu ni mwaka wa nne, na gazeti lako tunalisoma bwaloni kila Jumamosi, mmoja anasoma kwa sauti wengine tunacheka matatizo ya watu, sikujua kama iko siku na langu litafika kwako.

Kituo chetu ni mabomba makubwa yaliyounganishwa, tuko watu mia mbili na ushee, huku pembezoni kinazunguka ili miguu ikanyage sakafu, lakini kadiri unavyosogea katikati unakuwa mwepesi mpaka unaelea kama unyoya, na huko katikati mwisho wa njia ndiko kiliko Chumba cha Kioo, ambacho wanaingia wapimaji wa anga na wakubwa, na mimi na ndoo yangu.

Huku sheria ni nyingi, tumepewa kijitabu cha nidhamu chenye kurasa arobaini, kila ukurasa umetiwa sahihi. Hairuhusiwi kupiga mluzi ukumbini kwa sababu hewa ikivuja hulia vilevile. Hairuhusiwi kuacha kijiko kikielea. Kadi iwe kifuani hata ukienda kuoga. Na kubwa kuliko zote imeandikwa kwa rangi nyekundu juu ya kila mlango: kadi moja, mtu mmoja. Kosa la kijiko unaonywa, kosa la mluzi unanyimwa mapumziko, lakini kosa la mlango halina onyo, unakaa mbele ya kamati, kadi yako inakatwa kwa mkasi ukiangalia, na meli ikija unashushwa na hutarudi tena.

Sasa nikueleze kuhusu kile kioo, maana bila hicho hutanielewa. Siku ya kwanza nilipoingia nilikuwa na kitambaa mkononi nikadhani nitafuta dirisha kama madirisha mengine, nikainua uso, na dunia yote ilikuwa pale, mshauri, nzima, inapita taratibu bila sauti hata ya unyoya, bahari inang'aa kama sinia lililosuguliwa, mawingu yamekaa mistari mistari, na upande wa gizani radi inawaka ndani ya mawingu kama mtu anayetafuta kitu na tochi nyumbani kwake. Na pembeni kabisa, pale dunia inapoishia, kuna utando wa buluu mwembamba kama ngozi ya kitunguu, nikamuuliza mpimaji mmoja ni nini kile, akaniambia, "Mama, ile ndiyo hewa. Yote." Nikafikiri, kila niliyemzaa yuko chini ya ngozi ile, na kila niliyemzika. Nikataka kupiga magoti lakini mahali pale hakuna chini, basi nikachomeka vidole vya miguu kwenye bomba la ukutani nikajikunja hivyo hivyo, nikasema Mungu wangu nipokee nilivyo, sijui juu ni wapi. Tangu siku hiyo nafuta kioo kile kama mtu anayemuosha mtoto mchanga.

Mpishi wetu tunamwita Sufuria, mwanamume wa miaka arobaini hivi, tumbo mbele, mcheshi, mkono wake mwepesi kukuongezea. Jiko halina dirisha. Mtu huyo amekaa huku miaka sita na hajaiona dunia hata siku moja, maana hata kwenye meli ya kuja tunafungwa mikanda tukitazama ukuta. Mwezi uliopita ikaja habari kwamba mama yake amefariki, na meli ya kushuka ilikuwa bado wiki saba, kwa hiyo wakamzika yeye akiwa huku anakoroga vyungu vya watu. Akamwomba mkuu wa bwalo aruhusiwe kwenda kwenye kioo mara moja tu, akajibiwa, "Jiko halina dirisha, na wewe ni wa jiko."

Akanijia nikiwa nakamua vitambaa, akasema, "Dada, wewe unapita juu ya kaburi la mama yangu kila siku. Mimi hata mara moja."

Ungemjibu nini, mshauri? Mlango wa kile chumba una nyuzi za mwanga zinazohesabu miili inayopita, ikiwa miwili mlango unalia. Nikamwambia, "Nimebeba watoto wanne mgongoni, wa tano utakuwa wewe." Akacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. Akanishika mabegani, akakunja miguu, akabana kichwa nyuma ya shingo yangu, na kwa kuwa kule mtu hana uzito nilimbeba lile pande la mtu kama nimebeba shuka, mlango ukatuhesabu mmoja, tukapita.

Nilimwonyesha. Kwao kulikuwa kumefunikwa na wingu, nikamwambia subiri, linapita. Amefungua mdomo tu kama mtoto anayelishwa. Na hapo ndipo king'ora kikalia, kumbe kuna waya umeungua kwenye njia ya jirani, milango yote ikajifunga, hewa ya chumba ikakatwa ili moshi usivutwe ndani, na kabati la ukutani likafunguka lenyewe kutoa barakoa za hewa kwa idadi ya watu waliohesabiwa.

Ikatoka moja.

Nikaelewa siku hiyo kwa nini wanahesabu. Sufuria akanisukumia ile barakoa, nikamrudishia, akanisukumia, nikamwambia huu si wakati wa adabu. Moshi ulikuwa umeanza kupenya, mwembamba, unawasha koo. Tukavuta kwa zamu, na kipimo chetu kilikuwa sala, mimi naomba moyoni mstari mmoja yeye anavuta, kisha yeye anaomba mstari mmoja mimi navuta, dakika kumi na nane kama walivyokuja kutuambia baadaye. Na katikati ya hayo, mshauri wangu, wingu likafunguka. Nikaona mto, nikaona milima imekaa kama ngumi, nikamwekea kidole kwenye kioo, nikamwambia ni pale. Yule mtu mzima ilikuwa zamu yake ya kuvuta na hakuvuta, akaondoa barakoa usoni akasema, "Shikamoo, mama." Basi. Naapa sikuwa na hofu. Nilihisi tumeshikwa na mkono mkubwa kuliko kituo chote.

Hofu ilikuja mlango ulipofunguka. Akaingia mkuu wa ulinzi, tunamwita Kufuli, akatutazama.

"Mlango umeniambia yuko mmoja."

Sufuria akawahi. "Mlango haujakosea, mkuu. Mimi nilijipachika mgongoni kwa huyu mama. Hakuwa na habari mpaka tulipofika ndani."

"Hakuwa na habari? Na tumbo hilo?"

"Huku halina uzito, mkuu. Tumbo la kutazama tu."

Kufuli akanigeukia. "Mama, ndivyo?"

Na mimi, ninayewaongoza watu sala ya asubuhi bwaloni, nikatazama kitambaa changu nikasema, "Nilikuwa nakuja kufuta kioo." Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Akaandika.

Kamati inakaa baada ya wiki mbili na nimeitwa kama shahidi. Nikisema kweli, na mimi nashushwa. Sufuria ananiambia pale anapopakua, "Dada, nyamaza. Mimi nimeshaona nilichotaka, wewe bado una vioo vya kufuta. Lete sahani, chakula kinapoa." Kwa woga nimekisoma kile kijitabu chote kwa mara ya kwanza, na ukurasa wa thelathini na moja unasema mlinzi anaweza kumpitisha mgeni akimwandikisha mlangoni. Kumbe njia ilikuwepo.

Nitakuambia na lile ambalo hata kwenye sala nimelizungukazunguka. Sililii mshahara. Watoto wangu wanajitegemea. Naogopa kutokiona tena kile kioo. Nimemwacha mtu mwema aangamie ili niendelee kutazama kazi ya Mungu. Mungu huyo ananionaje? Nisaidie.

Mama wa vioo

JIBU

Dada yangu, marahaba, nimekuzidi miaka minne. Jibu hili nakutumia wewe kwanza, gazetini litatoka kamati ikishakaa, maana kituo chenye mpishi mmoja wa tumbo la kutazama hakifichiki.

Pole kwa moshi na pole kwa siku kumi na moja. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilitoka nje nikasimama uani kutazama juu, mtu mzima mimi, jirani akaniuliza kama nimepoteza ndege. Nilitaka kuiona ile ngozi ya kitunguu kwa upande wa ndani. Nakushukuru kwa hilo. Sasa kaa vizuri nikugombeze.

Mjomba wangu alikuwa mchimba mgodi. Pale mgodini kila anayeshuka alitundika ubaoni kibati chenye jina lake, akipanda anakitoa. Siku moja rafiki yake alichelewa, mlinzi wa ubao akamkatalia, mjomba akamwambia pita nyuma yangu, kibati changu kinatutosha. Dari likaporomoka. Waokoaji wakasoma ubao, wakachimba, wakamtoa mjomba wangu, wakahesabu vibati, wakaondoka. Yeye alizimia siku mbili, na alipopata kauli ya kusema bado yuko mwingine, hapakuwa tena na wa kuokolewa. Aliishi miaka thelathini baada ya hapo na sikuwahi kumwona akipita mlangoni bila kugeuka nyuma.

Kwa hiyo usiniambie habari ya sheria isiyo na moyo. Mkuu wa bwalo ndiye asiye na moyo, na hilo nitakubaliana nawe kutwa. Mlango haukuwa unakuhesabu ili ukukomeshe, ulikuwa unakuhesabu ili ukugawie pumzi. Ulipoudanganya, ulimnyima yule uliyekuwa ukimhurumia. Huruma yako ilikuwa ya kweli na ilikaribia kuua, yote mawili yako ndani ya mgongo mmoja. Na ukurasa wa thelathini na moja, dada, ulikuwepo mwaka mzima wa kwanza, na wa pili, na wa tatu. Ulitia sahihi mara arobaini kitu ambacho hukukisoma. Maandiko unayasoma kila siku, na hiki kinacholinda roho yako huko juu ukakifanya kawa ya kufunikia kikombe.

Lakini kosa la mlango limekwisha, mlitoka hai. Kosa ambalo bado linaendelea ni lile la kitambaa. "Nilikuwa nakuja kufuta kioo." Njia ya mwongo ni fupi, na ya anayenyamaza huku mwenzake akisema uongo kwa ajili yake haina urefu zaidi. Usijitetee kwamba yeye mwenyewe amekuambia unyamaze. Mtu aliyekusukumia barakoa katikati ya moshi ataendelea kukusukumia mpaka mwisho, ndivyo alivyo. Siku ile ulijua namna ya kuirudisha. Mrudishie na hii. Ni zamu yako.

Fanya hivi. Kesho kabla ya kuanza kazi, pitia jikoni umwambie Sufuria unakokwenda. Humwombi ruhusa, unamwarifu tu, na akianza maneno yake ya sahani mwambie utakula ukirudi. Kisha nenda kwa Kufuli na kadi yako mkononi, usiisubiri kamati, anayekwenda mwenyewe na anayevutwa hawasikilizwi kwa sikio moja. Mweleze kila kitu kama ulivyonieleza mimi, mgongo, nyuzi za mwanga, sala kwa zamu, usiache kitu wala usiongeze machozi. Aandike, utie sahihi, na safari hii soma kwanza. Ukimaliza ndipo umwombe jambo moja, wala si msamaha: watu wa jikoni wapewe zamu yao ya kioo kwa ukurasa wa thelathini na moja, mlinzi akiwa mlangoni na kila mtu akiwa na barakoa yake. Hilo likikubaliwa litabaki huko hata ninyi wawili mkiondoka.

Na mnaweza kuondoka wote wawili. Sikufichi. Unaogopa kutokiona tena kile kioo, na nakuamini, ni woga wa mtu aliyeonyeshwa kitu kikubwa. Lakini hebu jiulize, ukishushwa utashushiwa wapi? Si pale pale ulipokuwa ukipatazama miaka minne huku umejikunja kwenye bomba? Utakanyaga ulichokuwa ukikiangalia. Utavuta pumzi ndani ya ngozi ya kitunguu pamoja nasi sote, bila zamu. Na ukitaka kupiga magoti, huku kwetu chini ipo.

Umeniuliza Mungu anakuonaje. Hilo si la safu hii. Ninachojua ni cha akina mama wote waliowahi kubeba: mtoto wa mgongoni hawekwi chini katikati ya njia. Ulimbeba ukiingia. Mfikishe.