Safu Tupu Katika Daftari Lako

Chumba cha mitambo,
Jumamosi asubuhi.

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mko wazima wote, wewe, wifi, na binti yenu asiyetaka kulala mchana. Mgongo unaendeleaje? Wifi aliniambia kwamba tangu wakuhamishie chumba cha mafaili unakalia kiti kisicho na egemeo, nikakasirika kana kwamba kiti chenyewe kina masikio. Mimi mwili hauna neno. Nimeona niandike badala ya kupiga simu, maana kwenye simu wewe hunikatiza na kunichekesha, na leo sitaki kuchekeshwa kabla sijamaliza.

Najua keshokutwa unaitwa mbele ya kamati ya hospitali. Najua pia wanachosema: kwamba kwa wiki tatu picha za eksirei kutoka zahanati yenu hazikumfikia daktari bingwa kwa sababu wewe, mpiga picha wa miaka kumi na minne, hujui kuzituma. Wanasema hivyo kwa kuwa kampuni yetu ya mawasiliano imewajibu mara tatu kwa maandishi kwamba njia ya kupitishia picha imepimwa na iko sawa. Njia haikuwa sawa, kaka. Aliyeligundua hilo ni mtu ambaye ningependa sana umjue.

Hapa kazini tunamwita Bi Penseli. Ndiye fundi mkuu wetu, mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi, na sauti ambayo haijawahi kupanda. Sisi wengine tukitaka kuona njia tunabonyeza kompyuta, inatuchorea mstari wa kijani, tunaridhika na kwenda kunywa chai. Yeye huchonga penseli, hukunja karatasi mara mbili, na kuifuata njia hatua kwa hatua mwenyewe. Tulikuwa tukimcheka kichinichini. Nami nilimcheka.

Nikueleze kidogo ili ujue alichokifuata. Picha yako ikitoka zahanati hukatwa vipande vipande, na kila kipande hubandikwa lebo mbili zenye namba. Ya ndani inasema hiki ni cha hospitali, nayo haiguswi mpaka mwisho wa safari. Ya nje husomwa na ruta, yaani vile visanduku vya kuelekeza mawasiliano; kila ruta huibandua na kubandika nyingine ya kumfaa jirani anayefuata. Hakuna ruta inayoijua safari nzima. Inajua lebo iliyopokea na lebo inayotoa, basi. Wewe uliye nje unaona safari yote kama hatua moja tu, kwa hiyo kitu kikipotea katikati, analaumiwa aliyetuma.

Jumatano meneja alimkabidhi kazi hiyo, akaniambia nifuatane naye. Kabla ya kugusa chochote, Bi Penseli aliuliza mtumaji mwenyewe anasemaje. Nikampa zile kurasa za daftari lako ulizonitumia. Kaka, laiti ungeuona uso wake! Alisoma mistari yote kumi na tisa kwa kidole: tarehe, saa, jina la mgonjwa limefika au la, picha imefika au la, na ile safu ya mwisho uliyoiandika juu yake “sababu”, ukaiacha tupu kutoka juu hadi chini. Akasema mbele ya ofisi nzima kwamba huyu ni mtu asiyeandika asichokijua, na kwamba hapa kwetu ana miaka hajamwona wa namna hiyo. Watu wakainama kwenye kompyuta zao.

Kisha akatuonyesha tulichokuwa tunakipita macho. Majina ya wagonjwa yote yalifika, picha hata moja haikufika. Juu ya mistari hiyo ulikuwa umeandika kwamba picha ya mwisho kufika ilikuwa ya Jumanne, wiki tatu nyuma, saa nne na dakika arobaini asubuhi. Akasema kwamba vidogo vinapita na vikubwa vinapotea, nasi siku zote tumekuwa tukipima kwa vidogo. Ni kweli. Kipimo chetu cha kawaida ni kijisehemu kidogo cha ujumbe, kikirudi tunaandika “iko sawa”.

Tulizifuata ruta tisa kwa siku mbili. Zote zinasomeka ukiwa ofisini, lakini yeye alitaka kufika kila chumba na kushika kila waya. Mimi nasoma, yeye anaandika: lebo inayoingia, lebo inayotoka, ukubwa unaoruhusiwa. Tulipofika ya tano namba zikakataa kukubaliana. Nikasema tusonge mbele, tutajua huko huko. Akaanza tena kutoka ya kwanza, na ikaonekana ni mimi niliyeruka tarakimu. Hakunisimanga. Alifuta tu, akapuliza karatasi.

Ruta ya saba iko katika chumba nyuma ya ghala, chenye feni inayolia. Hapo palikuwa na kadi mpya, yaani kibao kinachochomekwa ndani ya ruta na kupokea waya. Kwa sababu zile lebo mbili hurefusha kila kipande, kadi za ruta za katikati ya njia lazima ziruhusiwe kupitisha vipande virefu kuliko kawaida. Hii iliachwa na kipimo ilichotoka nacho kiwandani. Kipande chenye jina tu kilipita na lebo zake. Kipande cha picha, kilichojaa, kilizidi kidogo kikatupwa kimyakimya, bila mtu yeyote kuarifiwa. Kukirekebisha kipimo kulichukua muda mfupi kuliko kuchonga penseli.

Yule mama aliyepiga simu zahanati alasiri ya Alhamisi, akakataa kuongea na mpiga picha mpya, akasema anamtaka mwenye daftari, ndiye Bi Penseli. Alisimama kungoja mpaka ukaitwa kutoka kwenye mafaili. Ulipotuma ile picha ya kifua na hospitali wakathibitisha imefika, ulicheka, na nilikusikia. Nilikuwa ubavuni pake, kaka. Nilishindwa kukusalimia.

Nilishindwa kwa sababu aliyefunga kadi ile ni mimi. Jumanne ile, saa tano kasorobo, dakika tano baada ya picha yako ya mwisho kufika. Nilikuwa na haraka, nikapima kwa kidogo, nikaandika iko sawa. Na si hilo tu. Jumapili uliponitumia kurasa zako niliiona ile saa, nikajua. Nikakuambia ubadilishe waya. Ukaubadilisha, ukanishukuru. Niliogopa kufukuzwa, nikakuacha kwenye kiti kile siku nne zaidi. Naona aibu ambayo sijui niiweke wapi.

Bi Penseli alilijua kabla sijasema. Kila kadi ina kibandiko cha namba ya fundi aliyeifunga. Alikifuta vumbi, akakisoma, kisha akanipa penseli na karatasi yake. Palibaki nafasi moja, ya aliyefunga. Akageuka akaitazama feni mpaka nilipomaliza kuandika namba yangu.

Jana ripoti ilifika kwa meneja ikiwa na sahihi yangu, na nakala imo humu. Adhabu yangu bado sijaijua. Jumatatu nitakuwa mlangoni pa kamati kabla yako, nitaisoma ripoti mwenyewe, na nitasema mara tatu kwamba hukukosea, kwa kuwa sisi tuliwaambia mara tatu kwamba umekosea.

Mbusu binti, mwambie shangazi yake anamkumbuka. Kwa wifi usiseme kitu, nitamwambia mwenyewe uso kwa uso. Nakuomba jambo moja tu: njoo na daftari lako na kalamu. Ile safu ya mwisho usiijaze. Ina mistari kumi na tisa, na yote nitaiandika kwa mkono wangu.

Ni mimi mdogo wako, ambaye tangu utotoni umemwita jina linalomstahili,

Kiherehere